Huzuni ya Mwanamke Aliyeachwa, na Wajibu Wetu Kwake



Limetufikia katika darsa swali lililoandikwa kwa karatasi, halina jina la mwenye kuuliza, wala sisi hatukutaka kulijua. Limetoka bara, kwa mwanamke akaaye Ruiru na kufanya kazi Thika. Asema kwamba ameachwa na mumewe, eda yake imekwisha, na hata hivi sasa jua likitua moyo humbana akalia. Watu humwambia kwamba huko ni kutoridhika na kadari, na kwamba dawa ya mume ni mume. Yeye auliza: Je, kulia huku ni dhambi? Na dawa hiyo, ni lazima ainywe?

Huenda msomaji wetu wa Mombasa au wa Lamu akasema: Thika na Ruiru ni mbali, mambo ya huko yatuhusu nini? Yatuhusu, tena sana. Tangu reli ilipofika Thika mwaka 1913 watu wa pwani wamekuwa wakipanda huko kwa biashara na kwa kazi, na mitaa iitwayo Majengo katika miji ya bara ni athari ya hao waliotangulia. Siku hizi njia imekuwa nyepesi zaidi. Barabara kuu ya Nairobi hadi Thika ilikamilika mwaka 2012, treni mpya ya Mombasa ilianza kuchukua abiria mwaka 2017, na Ruiru, ambayo wazee wetu waliijua kwa mashamba ya kahawa, ilihesabiwa katika sensa ya 2019 kuwa na watu zaidi ya laki nne. Vijana wetu wako huko. Huko huoa, na huko huacha. Na kijana akisha kuacha hupanda gari akarudi pwani kwa mamake, akapokewa kwa biriani, na baada ya muda mfupi akatafutiwa mchumba mwengine. Aliyeachwa hubaki katika chumba cha kupanga, na watoto, na kodi ya mwisho wa mwezi. Basi swali hili ni letu kabla ya kuwa lake.

Tuanze na kulia. Mwenye kusema kwamba chozi ni kuikataa kadari na aifungue Sura ya Yusuf. Nabii Yaqub (A.S.) alimlilia mwanawe hata macho yake yakawa meupe kwa huzuni, naye ni Nabii, na walipomlaumu watu wa nyumba yake aliwajibu kwamba majonzi yake amshitakia Mwenyezi Mungu (Sura ya 12, aya ya 84 hadi 86). Hakuwaambia kwamba hana majonzi. Kuna tafauti kubwa baina ya kumshitakia Mungu na kumshitaki Mungu: la kwanza ni ibada, na la pili ndilo lililokatazwa. Mwanamke aliaye juu ya msala wake baada ya Magharibi yuko katika lile la kwanza.

Watasema: Yaqub alimlilia mtoto, na mtoto si kama mume. Basi tumtazame Mughith. Barira alikuwa mjakazi akaachwa huru, na sheria ikampa hiari abaki na mumewe Mughith au afarikiane naye. Akachagua kufarikiana. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mughith alikuwa akimfuata nyuma katika njia za Madina huku analia, machozi yakimtiririka juu ya ndevu zake. Mtume (S.A.W.) alimwona katika hali hiyo. Hakumwambia kwamba imani yake ni dhaifu, wala kwamba mwanamume halii. Alimhurumia, akaenda kumwombea kwa Barira. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Alipoambiwa kwamba ni shufaa tu, akasema kwamba hana haja na mtu yule, na mambo yakaishia hapo. Mwenye kulia hakulaumiwa kwa kulia kwake, na mwenye kukataa hakulaumiwa kwa kukataa kwake. Sisi leo twamkataza mwanamke ndani ya chumba chake kile ambacho Sahaba mwenye ndevu hakukatazwa njiani.

Na tutazame eda. Wengi wetu tumefundishwa tangu utotoni kwamba eda imewekwa ili ijulikane kama tumbo lina mimba au halina. Hayo ni kweli, walakini si kweli yote. Lau ingekuwa ni hayo tu, ajuza aliyekwisha kukatikiwa na hedhi asingekuwa na eda, kwani yeye haogopewi mimba. Nawe waona kwamba Qur'ani imempa miezi mitatu kamili (Sura ya 65, aya ya 4). Kadhalika mke ambaye mumewe amesafiri mwaka mzima, kisha akaletewa talaka, naye hukaa eda kama mwenziwe ambaye mumewe alikuwa nyumbani jana. Na aliyeachwa kabla ya kuingiliwa hana eda ya kuhesabu (Sura ya 33, aya ya 49), kwa kuwa hapakuwa na maisha ya pamoja yaliyokatika. Ukiyakusanya haya utaona kwamba eda ina jambo jengine ndani yake zaidi ya tumbo: ni muda ambao sheria imesimamisha mambo yote, asioleke mke, asiposwe, asitolewe nyumbani, mpaka vumbi la farka litulie. Mume naye, ikiwa talaka ni ya rejea, amepewa muda huo huo wa kuzingatia alilolifanya.

Mafakihi wameuona moyo huo kabla yetu. Wanavyuoni wa Kihanafi wamemwajibishia mwanamke aliyeachwa talaka isiyokuwa na rejea kufanya ihdadi, yaani kuacha mapambo na manukato kama afanyavyo mfiwa, na sababu waliyoitaja ni masikitiko ya kupotewa na neema ya ndoa. Sisi Mashafii, katika kauli yenye nguvu, hatumwajibishii. Twasema ni jambo la kupendeza. Lakini tazama: madhehebu mawili yamekhitilafiana juu ya hukumu, na hakuna hata moja lililosema kwamba huzuni yenyewe ni aibu. Aibu hii tumeitia sisi.

Na kwa kweli huzuni ya talaka ina uzito wake mahsusi. Mwenye kufiwa huletewa chakula na majirani, husomewa, hukaliwa usiku. (Yale ya kupita kiasi katika matanga tumekwisha kuyaandika mara nyingi, wala hatuyaregezi, walakini angalau mfiwa haachwi peke yake.) Mwenye kuachwa haletewi hata kikombe cha uji. Mfiwa humkumbuka mumewe kwa wema, na kila apitaye humwombea maiti rehema. Huyu mwengine, aliyempoteza yu hai, apita njiani na kanzu iliyopigwa pasi, na pengine mkononi ameshika mtoto wa mke mwengine. Mfiwa haulizwi amefanya nini hata mume akafa. Aliyeachwa huulizwa, na asipoulizwa husemwa. Tena humjia mambo yanayopingana kwa saa moja: hasira, na haya, na kumtamani yule yule anayemkasirikia. Wengine, na hili husemwa kwa siri sana, hupata nafuu kubwa siku ya talaka, kwa kuwa nyumba ile ilikuwa ya kipigo au ya matusi. Kisha huiogopa nafuu hiyo wakadhani kwamba wamekufuru neema. Hawakukufuru. Qur'ani yenyewe, ilipotaja mke na mume kufarikiana, ikaahidi kwamba Mwenyezi Mungu atamtosheleza kila mmoja wao kwa wasaa wake (Sura ya 4, aya ya 130). Mwenye kuonja mwanzo wa ahadi hiyo asione haya.

Katika miji yetu ya pwani, pamoja na makosa yetu yote, mwanamke aliyeachwa alikuwa na pa kuanguka. Alikuwa na nyumba ya mama, na khalati, na somo wake, na ua uliojaa wanawake ambao nusu yao walikwisha kuachwa mara moja na wakaolewa tena na dunia haikuanguka. Zamani Mombasa kulikuwa na vyama vya lelemama. Ngoma zile hatuzisifu, wala hatutaki zirudi, lakini mwenye insafu atakiri kwamba mwanamke mjane alikuwa akipata humo wenzake wa kukaa nao, na sisi wenye kuzikemea hatukumpa kitu badala yake. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye mwaka 1932 alitoa gazeti la Al-Islah hapo Mombasa na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu, alitufundisha kuondoa desturi mbaya, na hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili tumeilalia.

Hata elimu ya moyo tuliyowapa binti zetu imesimama mlangoni mwa ndoa. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mama mgonjwa kwa ajili ya bintiye, umehifadhiwa na kusomeshwa vizazi kwa vizazi, na ndani yake mna adabu za mke na mumewe. Siku mume atakapotamka, binti huyo aliyefundishwa vyema namna ya kumtunza mume hana alilofundishwa la kujitunza mwenyewe.

Sasa mpeleke mwanamke huyo Ruiru. Nyumba ni ya ghorofa, kila mlango umefungwa, na jirani hujulikana kwa sauti ya viatu vyake ngazini alfajiri akikimbilia gari la Nairobi. Waislamu ni wachache. Mamake yuko Kilifi au Pate, na nauli ni ya siku nyingi za kazi. Talaka imemjia kwa maneno machache katika simu. Iwapo imesihi au haikusihi ni kazi ya Kadhi kuamua, lakini moyo haungoji hukumu ya Kadhi ili uumie. Akae eda wapi? Qur'ani yasema asitolewe katika nyumba, na akalishwe pale akaapo mume kwa kadiri ya uwezo wake (Sura ya 65, aya ya 1 na ya 6). Sisi desturi yetu, bara na pwani, ni kwamba talaka ikitamkwa leo, leo hii sanduku liko mlangoni. Na mwanamke mwenyewe huona fahari kuondoka upesi. Huo ni ujinga wa pande zote mbili. Aya imeeleza hekima yake kwa kusema kwamba huenda Mwenyezi Mungu akaleta jambo baada ya hayo. Na jambo litaletwaje ikiwa mmoja yuko Ruiru na mwengine amekwisha kupita Voi?

Lakini haya si mageni katika dini yetu. Fatima bint Qays, mwanamke wa Kikureishi, alipelekewa talaka yake ya mwisho na mumewe akiwa safarini, amekwenda Yemen. Wakili wa mume akamletea shayiri kidogo, naye akaichukia. Akaenda kwa Mtume (S.A.W.), akaambiwa kwamba nafaqa hana. Angalia yaliyofuata, ambayo yamepokewa katika Sahihi ya Muslim. Mtume hakumwachia hukumu hiyo akaenda zake. Alimtafutia nyumba. Kwanza akamtajia nyumba ya Ummu Sharik. Kisha akafikiri akaona kwamba nyumba hiyo yaingiwa na wageni wengi na Fatima hatapata raha ndani yake. Akambadilishia, akamwambia akae kwa Ibn Ummi Maktum, kwa kuwa ni kipofu, naye Fatima ataweza kuvua mtandio wake bila ya udhia. Akamwambia kwamba eda ikisha ampe habari. Ilipokwisha, watu wawili walikuwa wamemposa, na Mtume akampa nasaha ya wazi juu ya kila mmoja: huyu fimbo haimtoki begani, na huyu hana mali. Akamshauri Usama bin Zaid. Fatima hakumpenda mara ya kwanza, akashauriwa tena, kisha akaolewa naye na akapata kheri.

Kiongozi wa umma mzima, mwenye vita na wajumbe na wahyi juu yake, alikaa akafikiri ni katika nyumba gani mwanamke mmoja aliyeachwa ataweza kuvua mtandio wake akapumua. Nani katika maimamu wetu amefikiri hivyo? Na katika Bukhari imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha kwamba Fatima alikuwa mahali pa upweke, akaogopewa, na kwa sababu hiyo akaruhusiwa kuhama. Mafakihi wakashika hapo, wakasema kwamba khofu katika nyumba ni udhuru wa kuhama ndani ya eda. Upweke, basi, umo katika vitabu vya fikihi, nao umepewa hukumu yake.

Kuna mwengine ambaye hali yake ni nzito kuliko huyu, na juu yake nataka wazee wa pwani wasikilize vizuri. Ni yule aliyesilimu. Kijana wetu alimwona Thika, binti wa watu wa Gatundu au Murang'a; akasilimu, akapewa jina, akaolewa, akafundishwa Fatiha na namna ya kupika wali wa nazi. Uislamu ulimjia ukiwa na sura ya mume. Mume anapoondoka, kila kitu cha dini ndani ya nyumba ile chamkumbusha yeye: msala alionunua, mwezi wa Ramadhani, jina lenyewe analoitwa. Kwao hakuna amjuaye kwa jina hilo. Wazazi wake, mara nyingi, hawamfukuzi. Humpokea, lakini humpokea arudi kama alivyokuwa. Na huku, katika jamaa yetu, wanawake waliokuwa wakimwita "mke wa fulani" hawana tena jina la kumwitia, wakaacha kumwita. Ameachwa na mtu mmoja, naye akaona kana kwamba umma wote umemtaliki.

Akiritadi twastaajabu, twasema kwamba alisilimu kwa ajili ya mume. Huenda. Lakini sisi tulimwonyesha nini kingine cha kusilimia? Katika mafungu manane ya zaka lipo fungu la wenye kutiwa nguvu nyoyo zao (Sura ya 9, aya ya 60), na katika madhehebu yetu ya Kishafii fungu hilo lingaliko kwa ajili ya waliosilimu ambao bado hawajathibiti. Sijui tumelihifadhia nani ikiwa si yeye.

Nirudi katika ile dawa ya mume. Kuolewa tena ni halali na ni kheri, na mwenye kumzuilia mwanamke kuolewa amekatazwa na Qur'ani kwa uwazi. Lakini kumharakisha ni jambo jengine. Ulamaa wamekubaliana kwamba mwenye eda ya rejea haposwi hata kwa fumbo. Sisi twaleta mafumbo kabla ya siku saba, tena twayaita huruma. Mwanamke aliyeolewa ili asahau huenda kwa mume wa pili na mume wa kwanza yuko ndani ya kichwa chake. Kila neno la huyu hulipima kwa la yule. Na mume wa pili, ambaye hana kosa, hulipa deni asilolikopa. Kisha ikija talaka ya pili watu husema: tazama, tabia ni yake. Barira aliachiwa kukataa. Fatima alipewa nasaha, akaachiwa muda wa kulichukia shauri na muda wa kulikubali. Basi yule aliyeniuliza kama ni lazima ainywe dawa, jawabu ni kwamba si lazima, wala haina saa maalumu. Na mwenye kumposa na amngoje.

Wako wanaomwona aliyeachwa akienda kazini, wakasema kwamba amekosa haya. Jabir bin Abdillahi amesimulia juu ya khalati yake, ambaye aliachwa, kisha akataka kutoka kwenda kukata tende zake. Mtu mmoja akamkemea kwa kutoka kwake. Akaenda kwa Mtume (S.A.W.), naye akamwambia atoke akakate mitende yake, kwani huenda akatoa sadaka au akafanya wema. Hadithi hii nayo imo katika Muslim, na wanavyuoni wameichukua kuwa ni dalili kwamba aliyeachwa talaka isiyo na rejea ana ruhusa ya kutoka mchana kwa haja yake. Ama mwenye rejea yumo bado katika matunzo ya mumewe, na mume akikatiza matunzo hayo basi haja ina hukumu yake. Nimependa khasa sababu iliyotajwa: huenda akatoa sadaka. Mwanamke ambaye kila mtu amgeuza kuwa wa kupewa, Mtume alimwona kuwa ni mwenye kutoa. Anayesimama mchana kutwa katika kiwanda cha Thika akafunga mikebe ya mananasi, na jioni akamnunulia mwanawe daftari, ana mitende yake naye anaikata. Tena kazi hiyo humpa moyo wake saa nane ambazo hakuna amwitaye mtalaka.

Ama wanaume, neno langu kwao ni fupi. Qur'ani imewaamrisha wawape waliowaacha mut'a, yaani kiliwazo, kwa wema (Sura ya 2, aya ya 241), na katika madhehebu ya Kishafii kiliwazo hicho ni wajibu kwa mke aliyekwisha kuingiliwa na ambaye farka haikutoka kwake. Ni wangapi waliotoa? Wengi hata jina lake hawalijui. Kiasi chake si jambo kubwa kama maana yake: mtu aliyetoa kiliwazo amekiri kwamba kulikuwa na kitu cha kuliwaza. Na mwanamke aliyekipokea, hata kiwe kidogo, ameambiwa kwamba miaka yake haikuwa takataka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo imeweka, katika ibara ya 53, kwamba mtoto ana haki ya kutunzwa na baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana. Basi mwenye kuacha mke hakuacha watoto, kwa sheria ya Mungu wala kwa sheria ya nchi.

Na akinyimwa, na aende kwa Kadhi. Kwa sheria ya mwaka 1967 makadhi hawakuwa tena wa ukanda wa pwani peke yake. Mwanamke wa bara ana haki ya mlango huo kama mwanamke wa Mombasa. Kwenda kushitaki hakupunguzi subira. Khawla bint Tha'laba alimshitaki mumewe mbele ya Mtume na akajadiliana, na Mwenyezi Mungu akateremsha aya za mwanzo za Sura iitwayo kwa kitendo chake hicho, Al-Mujadila. Bibi mmoja mtaalamu wa Marekani, Susan Hirsch, alikaa katika mahakama za makadhi za pwani yetu miaka ya 1980, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1998 alionyesha kwamba wengi wa wenye kuleta madai walikuwa ni wanawake, hao hao ambao twasema kwamba kazi yao ni kuvumilia. Mgeni ameyaona haya kwa kukaa na kusikiliza tu. Subira tuwaombayo wanawake wetu mara nyingi ni kunyamaza, nako kunyamaza kuna faida kwa kila mtu isipokuwa yeye.

Limebaki la jamaa. Kwa mwenye kuhesabu miezi, eda ni kodi tatu. Kwa mwenye hedhi pengine ni chini ya hapo. Mwenye mimba ni mpaka azae. Hiki si kiasi cha kuushinda msikiti wowote wenye kukusanya zaka, na mwenye nyumba wa Ruiru hajui eda ni nini, ajua tarehe tano. Msikiti ukijua kwamba fulani ameachwa, imamu asingoje aje kuomba, kwani mwenye haya haombi. Na ampeleke mkewe au dadake, asiende yeye wala asipeleke vijana. Pale ambapo mwanamke amebaki peke yake akaogopa, itafutwe nyumba ya watu wema ambamo ataweza kukaa bila ya udhia, kama alivyotafutiwa Fatima. Siku za Ramadhani asifuturu peke yake. Hilo halina gharama yoyote, kwani sufuria ni ile ile.

Na ile darsa ya wanawake, ambayo tumezoea kuiweka baada ya Alasiri katikati ya wiki, ni darsa ya wenye waume wa kuwalisha. Wa viwandani saa hiyo wamo kazini. Iwekwe Jumapili asubuhi, na aliyeachwa apelekewe habari na mwanamke mwenziwe mpaka mlangoni kwake, aitwe kwa jina lake mwenyewe, asingoje kusoma tangazo katika ukuta wa msikiti asioingia.